Msitu wa Amani na Majirani Zake

Maji ya bomba yanayotumika Tanga mjini yanatoka mlimani. Mawingu yanayosukumwa na upepo wa Bahari ya Hindi hugonga Milima ya Usambara Mashariki, mvua ikanyesha, udongo wa msituni ukaifyonza na kuiachia kidogo kidogo katika mto Zigi, ambao unakwenda kujaza bwawa la Mabayani. Sehemu kubwa ya msitu huo sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, na yenye ukubwa wa hekta 8,380. Mji ulio karibu nayo ni Muheza, mji mdogo wa machungwa na masoko ambao basi la Tanga hupita kila siku. Hata hivyo, likitajwa neno utalii, fikra za wengi hukimbilia Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, na Amani inaachiwa watafiti na wageni wachache wanaopenda ndege. Hoja yangu ni kwamba hifadhi ndogo kama hii, zilizo kando ya miji midogo, zinapaswa kuwa kwanza za majirani. Mtu wa Muheza, Tanga au Korogwe ndiye awe mgeni anayetarajiwa langoni, na wa kutoka mbali awe nyongeza.

Kwanza tuone kuna nini huko, maana watu hawawezi kutamani wasichokijua. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Unyevu wa bahari umeifanya misitu yake idumu kwa mamilioni ya miaka, kila mlima ukiwa kama kisiwa, na viumbe wake wakaenda njia yao. Ndiyo sababu kuna vinyonga, vyura na mimea isiyoonekana mahali pengine popote. Yupo chura mmoja mdogo anayejulikana kwa kielelezo kimoja tu, kilichookotwa hapa Amani katika miaka ya 1920. Lipo pia lile ua dogo la rangi ya zambarau linalopandwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani: asili yake ni miamba yenye kivuli ya huku, na mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni. Miaka kumi baadaye Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, wakajaribu miti kutoka pembe nyingi za dunia. Baadhi ya miti hiyo bado imesimama, na mingine imegeuka wavamizi ndani ya msitu wa asili. Pale Sigi, kwenye lango, nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ndogo ya enzi hizo ilitengenezwa upya na kuwa mahali pa kupokea wageni.

Hayo yote huonekana kwa miguu. Simba anaonekana hata ukiwa garini, tena ukiwa umbali wa kutosha. Kinyonga wa ukubwa wa kidole humwoni mpaka usimame, na mara nyingi mpaka mwenyeji akuoneshe tawi alilolishika. Njia ya kupanda Mbomole, au ile inayopita kati ya msitu na mashamba ya chai, haihitaji gari la kifahari wala hoteli ya gharama. Inahitaji viatu vinavyoshika udongo, koti la mvua na mtu anayejua majina ya miti kwa Kisambaa. Kwa hiyo fedha zinazotumika, hata zikiwa kidogo, huishia karibu: kwa mwongozaji, kwa mama anayepika chakula, kwa dereva wa bodaboda, kwa mkulima mwenye iliki na mdalasini wa kuuza.

Atakayesema biashara ya kweli iko kwa wageni wa nje atazame yaliyowapata wafugaji wa vipepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa Amani walijifunza kulisha viwavi kwa majani ya msituni na kuuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake, kwa majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Ulikuwa mpango mzuri kwelikweli: kipepeo anahitaji mti wa kumlisha, na mkulima akapata sababu ya mfukoni ya kuutunza mti huo. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, soko lilifungwa, ingawa vipepeo hawakuwa wamepungua. Miaka minne baadaye ukaja ugonjwa wa korona, na watalii wa kimataifa walioingia Tanzania wakashuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Riziki inayotegemea mnunuzi aliye ng'ambo peke yake hukatika kwa amri au kwa homa iliyoanzia nchi nyingine. Ng'ambo ya mpaka, Gede nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke unauza nje vilevile, lakini una banda la vipepeo kwenye uwanja wa magofu ya mji wa kale, ambako mabasi ya shule huingia. Hiyo ni miguu miwili ya kusimamia, na Amani ilikuwa na mmoja.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa wakazi wenyewe. Kwa Msambaa au Mbondei wa kijiji kilicho ukingoni, msitu ni kuni, dawa na shamba la iliki chini ya kivuli. Kutembea humo kwa burudani, tena kwa kiingilio, kunaweza kuonekana kama kuuziwa kilichokuwa chake. Hilo si la kupuuza. Pale Derema, mamia ya wakulima waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili msitu uungane, na fidia waliyolipwa ililalamikiwa kwa miaka. Lakini kinachofuata kutokana na malalamiko hayo ni kwamba mwenyeji apewe nafasi ya kwanza, si kwamba lango lifungwe. Mtanzania tayari hutozwa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni; kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ningependa kusiwe na malipo kabisa. Na uongozaji uwe kazi ya vijana wa hapo hapo, maana elimu ya msitu wanayo tangu utotoni.

Wengine huhofia kwamba watu wengi wataleta takataka na kukanyaga mimea. Hofu hiyo ina ukweli, na njia zilizochongwa vizuri pamoja na mwongozaji kwa kila kundi huipunguza sana. Ila tukumbuke kilichoujeruhi msitu huu hasa: misumeno ya kuvuna magogo, ufyekaji wa kupanda chai, na wachimbaji waliomiminika kwa maelfu mwishoni mwa 2003 dhahabu ilipoonekana karibu na Sakale. Mwanafunzi wa Tanga aliyewahi kukaa kando ya kijito cha Zigi ataelewa, siku taarifa kama hiyo ikitangazwa redioni, kwamba yanayochimbwa ni maji yake.

Linabaki suala la usafiri, na hapo ndipo kazi ilipo. Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, kama kilomita 35. Kutoka Muheza kupanda Amani ni barabara ya udongo, na masika huifanya iteleze vibaya. Safari ya kwenda Sigi na kurudi siku hiyohiyo inawezekana kabisa wakati wa kiangazi. Basi moja la shule kila wiki, miezi ya Julai hadi Septemba, likigharamiwa kwa sehemu na halmashauri na kwa sehemu na mamlaka ya maji inayochota Zigi, lingetosha kuanza.