Kiajemi kilivyokopa maneno ya Kiarabu pamoja na sarufi yake

LUGHA ikikopa neno, aghalabu hulivua sarufi ya ugenini na kulivika yake. Kiajemi, lugha rasmi ya Iran, hakikufanya hivyo kila mara. Maneno ya Kiarabu yaliyokiingia baada ya Waarabu kuiteka nchi hiyo katika karne ya 7 yalikuja na baadhi ya kanuni zao. Hapo ndipo mwanafunzi aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo hukwama, kwani lugha hizi si za nasaba moja: Kiajemi ni cha jamii ya Kihindi-Kiulaya ilhali Kiarabu ni cha Kisemiti.

Kikwazo cha kwanza ni wingi. Kwa kawaida Kiajemi huongeza kiambishi tamati ‘-ha’, hivyo ‘ketab’ (kitabu) huwa ‘ketabha’. Hata hivyo, husemwa pia ‘kotob’, wingi wa Kiarabu unaobadilisha irabu za ndani. Vivyo hivyo ‘khabar’ (habari) huwa ‘akhbar’. Mtindo huo umeyaingia hata maneno ya Kiajemi asilia: wingi wa ‘ostad’ (mhadhiri) ni ‘asatid’.

Kwa upande wa vitenzi, mambo ni kinyume. Mswahili hulinyambua neno la mkopo moja kwa moja: anasafiri, alifikiri. Mwajemi huliacha nomino lilivyo, kisha akaliambatanisha na kitenzi chake ‘kardan’, yaani kufanya. Kusafiri ni ‘safar kardan’ na kufikiri ni ‘fekr kardan’. Kinachobadilika kwa nafsi na nyakati ni ‘kardan’ pekee. Yapo machache yaliyokiuka utaratibu huo, mathalani ‘fahmidan’ (kufahamu).

Tahajia nayo ina mtihani wake. Kiajemi kina herufi 32: 28 za Kiarabu na nne zilizoongezwa kwa sauti za p, ch, zh na g. Kwa kuwa Waajemi hawakuyachukua matamshi ya Kiarabu, herufi nne tofauti husomwa z na tatu husomwa s. Sikio halimsaidii anayeandika imla.

Dawa ni kuzijua familia za maneno. Anayetambua mzizi wa konsonanti tatu ataona udugu wa ‘elm’ (elimu), ‘mo’allem’ (mwalimu), ‘alem’ (mwanachuoni) na wingi wake ‘olama’. Msomaji wa Kiswahili ana mtaji hapa, maana maneno hayo anayo nyumbani.

Lakini mtaji huo usimponze. ‘Ma’lum’ kwa Mwajemi ni jambo lililo wazi au linalojulikana, wala si maalumu. Aidha, ‘enqelab’ nchini Iran ni mapinduzi ya umma, kama yale ya 1979, ilhali kwa Mwarabu wa leo ‘inqilab’ ni mapinduzi ya kijeshi.

Kwa hivyo, kila neno la mkopo na lijifunzwe kwa ukamilifu wake tangu siku ya kwanza: tahajia, wingi, kitenzi kinachoandamana nalo, na maana yake kwa Waajemi wenyewe.