Nani Kasema Mtoto Asubiri Miaka 12?

Kila semina ya walimu wa shule za msingi ninayoalikwa, chai haijamiminwa, mkono umeshanyooka: "Mtoto wa darasa la pili ataiwezaje falsafa, na Piaget alishasema uwezo wa kuwaza mambo yasiyoshikika huanza miaka 11 au 12?" Leo tulimalize.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alisema jambo la namna hiyo, na vyuo vya ualimu vimelikariri kama msahafu. Kinachorukwa ni jinsi alivyowapima watoto. Chukua kipimo chake kimoja mashuhuri. Mtafiti anapanga safu mbili za vitu vyenye idadi sawa. Mtoto anakubali kuwa ziko sawa. Mtafiti anaitandaza safu moja iwe ndefu, kisha anauliza swali lilelile. Mtoto wa miaka mitano anajibu kuwa ile ndefu ina vingi zaidi. Hukumu ikatoka: bado hajaweza.

Miaka ya 1970, wanasaikolojia James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walilirudia jaribio hilo kwa ujanja kidogo. Safari hii safu ilivurugwa na mwanasesere, dubu mtundu aliyetoka mafichoni. Watoto wa miaka minne hadi sita, ambao wengi wao walikosea safu ilipovurugwa na mtu mzima, sasa wengi walipatia. Idadi haikubadilika, wala akili zao. Maelezo ya Donaldson yanatosha kumwaibisha mtahini: mtoto alikuwa anasoma nia ya mkubwa. Kama ameigusa safu makusudi kisha anauliza tena, bila shaka anataka jibu jingine. Huko ni kufikiri, tena kwa makini. Na darasani kwetu, mwalimu akirudia swali, nani hajui maana yake ni "umekosea"?

Gareth Matthews, mwanafalsafa wa Marekani, anasimulia katika kitabu chake cha 1980 habari za mtoto wa miaka kama sita aliyeuliza, huku akilamba sufuria, tutajuaje kwamba haya yote si ndoto. Mwanafalsafa Descartes aliliuliza hilo akiwa na ndevu.

Walimu wengine hujitetea kwamba vitendawili vinatosha kumzoeza mtoto kufikiri. Navipenda, ila kitendawili kina jibu lake tayari, na asiyelijua hutoa mji.

Haya, kazi yenyewe: hadithi fupi, ya Sungura na Fisi inatosha. Watoto watunge maswali, yaandike ubaoni, wachague moja kwa kura. Wewe uliza tu "kwa nini?" na "nani hakubali?" Usitoe jibu wala alama. Darasa ni la watoto 80? Kumi wakae duara wajadili, wengine wasikilize, kisha wapokezane. Lugha iwe ile wanayoitumia kugombana uwanjani.

Na usimuuzie mwalimu mkuu falsafa kama dawa ya mtihani. Huko Uingereza, utafiti wa falsafa kwa watoto katika shule 48 uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha nafuu kidogo katika kusoma na hisabati. Jaribio kubwa lililofuata halikuiona nafuu hiyo katika kusoma.