Wa Miezi Saba Akishakuwa Mtu Mzima

Mgonjwa wa miaka 40 akifika kiliniki huko Tulia, kaunti ya Kitui, huenda akaulizwa kama kwao kuna kisukari au presha. Ni nadra aulizwe kama alizaliwa kabla ya siku zake. Wengi wa rika lake walizaliwa nyumbani bila mizani, na kumbukumbu iliyopo ni maneno ya mama tu: huyu alikuwa wa miezi saba. Kwa maoni yangu, maneno hayo yanastahili kuandikwa kwenye faili, na mwenyewe apimwe sukari asubuhi kabla hajala.

Karibu asilimia 80 ya kalsiamu anayozaliwa nayo mtoto hupitia kwenye kondo la nyuma katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Anayetoka wiki ya 30 huikosa sehemu kubwa, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayatoshi kuziba pengo hilo la madini. Misuli nayo hunenepa kipindi hichohicho.

Watafiti wa Helsinki, Ufini, waliwafuatilia vijana waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 1.5. Mwaka 2007 walieleza kwamba saa mbili baada ya kunywa glukosi, sukari ya vijana hao ilizidi kidogo ya wenzao waliotimiza miezi, lakini insulini ilizidi kwa takriban asilimia 40. Kongosho lao lilikuwa likitoka jasho kwa kazi ileile. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba madini ya mifupa yao, kwenye uti wa mgongo na nyonga, yalikuwa machache. Wengi wao hawakuwa wagonjwa, na mashine inayopima madini hayo huyahesabu kwa eneo la mfupa wala si kwa ujazo, hivyo mwenye umbo dogo huonekana dhaifu kuliko alivyo.

Mfupa na sukari vinakutana wapi? Mwaka 2007 maabara ya Gérard Karsenty, New York, ilionyesha kwamba osteokalisini, protini ya seli zinazojenga mfupa, huliamsha kongosho la panya. Habari ilivuma. Mwaka 2020 makundi mawili yaliwachunguza panya wasio na protini hiyo, na sukari yao ikawa ya kawaida. Mimi naitazama zaidi misuli. Ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na ndiyo inayouvuta mfupa hadi ukakomaa. Ikiwa michache, hasara huonekana pande zote mbili. Kisukari kikishaingia, sukari hushikamana na kolajeni ya mfupa, ukawa mwepesi kuvunjika hata kama kipimo cha madini ni kizuri.

Mama anayepanda kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba ikiwa kichwani, anafanyiza kazi misuli na mifupa kwa pamoja. Mfereji ukifika (na ufike upesi, shingo yake imeteseka vya kutosha) kazi hiyo hupungua, na bodaboda inamalizia iliyobaki. Jembe, mlima na kinu cha kutwangia mahindi ya muthokoi bado vinafaa. Ndengu na kunde hupandisha sukari polepole kuliko ugali mweupe, na gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu, ilimradi uji wake usitiwe sukari vijiko vitano.