Je, Wajua? Moyo Nao ni Msuli

Je, wajua kuwa steroidi za kutunisha misuli ni testosteroni yenyewe, au nakala zake zilizotengenezwa maabara? Korodani za mwanamume mzima hutoa miligramu chache tu za homoni hiyo kwa siku. Daktari huiandika kwa mgonjwa ambaye mwili wake umeshindwa kuitengeneza. Baadhi ya wapiga chuma hutumia mara 10 hadi 100 ya kipimo cha daktari.

Je, wajua kuwa prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu ni steroidi ya ukoo mwingine kabisa? Haijengi msuli, ikitumika muda mrefu huudhoofisha. Wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe nao wajue: unene ule huweza kuja na kisukari, shinikizo la damu na mifupa iliyokosa nguvu.

Je, wajua kuwa mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mzaliwa wa Mauritius, aliwatangazia wenzake mjini Paris kwamba amerudiwa na nguvu za ujana? Alikuwa na miaka 72, na alikuwa amejidunga majimaji ya korodani za mbwa na simbilisi. Testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo dawa ile haikuwa na kiasi cha kumfaa. Nguvu zilitoka kwenye imani yake.

Je, wajua kuwa anayejidunga ili aonekane dume anaweza kukosa mtoto? Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Korodani husinyaa, mbegu hupungua hata kuisha. Akiacha dawa, hali huweza kuchukua miezi mingi kurudi, na kwa wengine hairudi kama mwanzo. Sehemu ya ziada hugeuzwa na mwili kuwa estrojeni, na matiti huota kwenye kifua kilekile alichokuwa akikijenga.

Je, wajua kuwa testosteroni haichagui msuli? Moyo nao hunenepa, kuta zake zikakakamaa. Utafiti ulioongozwa na daktari Aaron Baggish wa Boston, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapima wanaume 140 wanaonyanyua vyuma. Kwa kila pigo la moyo, chumba cha kushoto cha wasiotumia steroidi kilisukuma wastani wa asilimia 63 ya damu iliyomo. Cha waliozitumia kilisukuma asilimia 52.

Damu yenyewe pia hubadilika. Chembe nyekundu huongezeka ikawa nzito, lehemu nzuri hushuka, lehemu mbaya hupanda. Hapo ndipo kijana asiye na kitambi huanguka kwa kiharusi.

Je, wajua kuwa Denmark hupima dawa hizi hadi kwenye jimu za mtaani? Watafiti waliwafuatilia wanaume 545 waliokutwa nazo. Vifo kati yao vilikuwa mara tatu ya vile vya wanaume wa rika lao.

Je, wajua kwa nini vidonge huumiza ini kuliko sindano? Vingi vimeundwa makusudi ili ini lisivivunje haraka. Matokeo yake ni manjano, uvimbe, na wakati mwingine vifuko vya damu vinavyoweza kupasuka ndani ya tumbo.

Je, wajua kisa cha Heidi Krieger wa Ujerumani Mashariki? Akiwa na miaka 16 alianza kupewa na makocha vidonge vya buluu vilivyofungwa kwenye karatasi ya fedha, akiambiwa ni vitamini. Vilikuwa Oral-Turinabol. Mwaka 1986 akawa bingwa wa Ulaya wa kutupa tufe. Sauti ilikuwa imekuwa nzito, ndevu zimeota. Mwaka 1997 alibadili jinsia, akawa Andreas. Husema dawa zile zilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimpa Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, kifungo cha nje cha miezi 22 kwa kuhusika na dawa hizo.

Je, wajua kuwa kijana ambaye bado anarefuka anaweza kubaki mfupi? Homoni nyingi hufunga mapema ncha za mifupa zinazokua. Misuli nayo hukua upesi kuliko kano zinazoishikilia, na kano hukatika chini ya uzito.

Je, wajua kuwa kuchangia sindano jimu huambukiza VVU na homa ya ini sawasawa na kuchangia sindano za heroini? Na chupa ya magendo huweza kuwa na dawa tofauti na iliyoandikwa kwenye lebo.

Je, wajua kuwa kuacha ghafla nako kuna hatari? Mwili usiotengeneza homoni yake huleta huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Aliyekwisha kutumia amweleze daktari jina la dawa na muda aliotumia, bila kuficha. Aombe vipimo vinne: shinikizo la damu, lehemu, ini, na picha ya moyo.