Kompyuta Ikichora Ramani ya Nyumba, Nani Ameipa Vipimo?

Tuseme kijiji kinajenga nyumba ya mwalimu. Matofali yamekwisha kuchomwa. Mawe na mchanga vimesombwa. Ramani imeletwa kutoka mjini. Imechorwa kwa kompyuta, na mistari yake imenyooka kama uzi. Fundi anaifungua na kuitazama. Vyumba vitatu vimepangwa mstari mmoja. Chumba cha kwanza kimeandikwa mita 3. Cha pili 3. Cha tatu 3. Chini yake umeandikwa urefu wa nyumba nzima, mita 10.

Haya, jumlisheni. 3 na 3 na 3 ni 9, siyo 10. Hiyo mita moja imetoka wapi?

Wengine watasema, "Kompyuta haikosei bwana, labda sisi ndio hatujui hesabu." Hapana. Hesabu yenu ni sawa. Na kompyuta nayo haikukosea kujumlisha. Kosa liko kwenye mipangilio. Leo tunataka kueleza mipangilio hiyo ni kitu gani.

Zamani mchoraji wa ramani alitumia kalamu, rula na meza kubwa. Siku hizi wengi wanatumia programu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta kufanya kazi fulani. Programu moja ya kuchorea inayojulikana sana inaitwa AutoCAD. Ilitoka Marekani mwaka 1982, na mpaka leo inatumika. Ndani yake kuna mamia ya mipangilio. Kila mpangilio una jina lake, na mara nyingi una namba. Ni kama utambi wa kandili. Ukiupandisha au ukiushusha, kandili ni ileile, lakini mwanga unabadilika.

Kubadili mpangilio si kazi kubwa. Mchoraji anaandika jina la mpangilio na kubonyeza kitufe. Kompyuta inamwonyesha namba iliyopo. Akitaka nyingine anaiandika, anabonyeza tena, basi. Haichukui hata dakika moja. Shida ni kukumbuka kuutazama.

Turudi kwenye nyumba ya mwalimu. Kuna mpangilio unaitwa DIMDEC. Huo unaiambia kompyuta iandike tarakimu ngapi baada ya nukta. Vyumba vyetu vilichorwa mita 3.4 kila kimoja. Mara tatu ni mita 10.2. Kompyuta inajua hivyo kabisa. Lakini mpangilio ulikuwa umewekwa 0, maana yake usiandike chochote baada ya nukta. Kwa hiyo 3.4 ikaandikwa 3, na 10.2 ikaandikwa 10. Kila namba ukiitazama peke yake ni nzuri. Ukiziweka pamoja zinagombana.

Sasa fundi akichimba msingi kwa mita 3, kila chumba kinapungukiwa sentimita 40. Ingiza kitanda na kabati, halafu uone kama mlango utafunguka. Na mbao za paa zimekwisha kununuliwa kwa nyumba ya mita 10! Mchoraji angeweka 2 badala ya 0, na kuamuru vipimo alivyokwisha kuandika vifuate, karatasi ingesoma 3.40 na 10.20. Ugomvi ungekwisha.

Mpangilio mwingine ni INSUNITS. Ukienda dukani ukasema "nipe ishirini," mwenye duka atakuuliza, ishirini nini? Kompyuta haiulizi. Inasoma namba ya mpangilio. Ikikuta 1, inajua ni inchi. Ikikuta 4, ni milimita. Ikikuta 6, ni mita. Hapa kwetu Tanzania vipimo vya aina mbili vinaishi nyumba moja. Ukuta tunaupima kwa mita, lakini bati tunasema la futi 10, na mbao tunasema mbili kwa nne, yaani inchi.

Wachoraji wana desturi ya kuchukua mlango uliochorwa na mwenzao na kuupachika kwenye ramani yao. Si vibaya, inaokoa muda. Tuseme mlango huo una upana wa milimita 900, lakini mpangilio wake unasema ni inchi. Unapachikwa kwenye ramani ya milimita. Kompyuta itauzidisha kwa 25.4, maana inchi 1 ni milimita 25.4. Mlango unakuwa na upana wa mita 22.86! Kosa la namna hiyo hatuliogopi sana. Hata mtoto ataliona na kucheka. Ya kuogopa ni yale madogo, kama lile la sentimita 40.

Na kama hili la kuchapa. Ramani imepangwa kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 kwenye ardhi. Ilipangwa kwa karatasi ya A3. Dukani karatasi hiyo haipo, ipo ya A4, ambayo ni nusu yake. Mchapaji anaweka mpangilio wa kuibana ramani ienee. Ramani inasinyaa, lakini maneno "1:100" yanabaki palepale. Nyumba yetu ya mita 10.2 sasa ina sentimita 7.2 tu kwenye karatasi. Fundi anayepima kwa rula atajenga nyumba ya mita 7.2. Kwa hiyo msipime ramani kwa rula. Someni namba iliyoandikwa. Na mwombeni mchoraji achore mstari wa kipimo pembeni, wenye alama za mita. Karatasi ikisinyaa, mstari nao unasinyaa pamoja nayo, haudanganyi.

Ipo mipangilio mingine isiyo na hatari kwa mjenzi. SAVETIME inaiambia kompyuta ihifadhi kazi kila baada ya dakika kadhaa. Umeme ukikatika, mchoraji hapotezi kazi ya siku nzima. MIRRTEXT inazuia maandishi yasigeuke nyuma mbele mchoro unapopinduliwa. Mipangilio mingine inasafiri na ramani, kama mgeni anayebeba mkeka wake. Mingine inabaki kwenye kompyuta ileile. Ndiyo sababu mchoraji hodari akikaa kwenye kompyuta ya mwenzake anaitazama kwanza.

Basi, ramani ikifika, kamati ya ujenzi ikae nayo kabla jembe halijagusa ardhi. Jumlisheni vyumba, mlinganishe na urefu wa nyumba nzima. Kwanza ulizeni kama vipimo vimeanzia katikati ya kuta au pembeni, maana unene wa kuta nao unahesabiwa. Angalieni kama imeandikwa mita, milimita au futi. Namba zikigombana, msikubali kuambiwa eti ndivyo kompyuta ilivyosema. Irudisheni mjini ichapwe upya. Mkiletewa mpya, ile ya zamani ichaneni siku hiyohiyo, maana zikikaa zote mbili pale kwenye ujenzi, fundi atashika iliyo karibu na mkono wake.