Wahungaria wa Ohio walivyofuata moshi wa viwanda

CHUKUA ramani ya Marekani, msomaji, utazame upande wa kaskazini yaliko yale maziwa makubwa matano. Kusini mwa ziwa liitwalo Erie utaona jimbo la Ohio. Ni mbali mno na mto Danube na jiji la Budapest, lakini hapo ndipo sensa ya mwaka wa 2000 ilipokuta watu wengi wa asili ya Hungaria kuliko katika jimbo lingine lolote la Marekani.

Walikuwa karibu 194,000. New York, jimbo ambalo lina wakazi wengi zaidi ya Ohio, lilifuata na watu kama 137,000. Katika nchi nzima waliosema kwamba asili yao ni Hungaria walikuwa karibu milioni 1.4.

Usidhani kwamba watu hao walitapakaa Ohio nzima kama mtama uliomwagika. Zitie alama kwenye ramani sehemu walizofanya makao tangu zamani: Cleveland, Lorain, Fairport Harbor, Akron, Youngstown, Toledo, Columbus na Dayton. Utagundua kwamba karibu kila alama imeangukia mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma, gati la kupakulia mawe ya madini, karakana ya reli au kiwanda cha mpira.

Sababu yake inaanzia Hungaria yenyewe. Kabla ya vita vikuu vya kwanza nchi hiyo ilikuwa nusu ya milki ya Austria na Hungaria. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na mkulima mwenye wana wanne alikuwa na kishamba cha kumtosha mmoja tu. Kati ya mwaka wa 1880 na 1914 vijana wengi walikata shauri kuvuka bahari. Shabaha yao haikuwa kuhamia Marekani. Walitaka kufanya kazi miaka miwili mitatu, waweke akiba, kisha warudi kununua shamba kijijini. Wengi walirudi kweli.

Kwa hivyo hao wa kwanza walikuwa wanaume watupu, na waliishi kama watu wa safarini. Mke wa mmoja wao aliyebahatika kuja na mumewe alikodi nyumba na kuwalaza wenzake, pengine kumi au zaidi katika vyumba vichache. Aliyetoka zamu ya usiku alilala katika kitanda alichoamka mwenziwe wa zamu ya mchana. Mama huyo aliwapikia wote, akawafulia na kuwafungia chakula cha kazini. Mpangaji wa aina hii waliita "burdos", neno waliloliokota katika Kiingereza na kulifanya la Kihungaria, vile vile sisi tulivyofanya "kabati" na "benchi" kuwa zetu.

Cleveland ndio mji uliowapokea wengi zaidi. Upande wa magharibi alikuwako Theodor Kundtz, fundi seremala aliyefika mnamo 1873 akitoka kaskazini mwa milki ya Hungaria, sehemu ambayo leo imo katika nchi ya Slovakia. Kiwanda chake kilitengeneza makabati ya mbao ya kuwekea vyerehani, na aliwaajiri watu wa kwao kwa wingi. Upande wa mashariki, kando ya barabara iitwayo Buckeye, kulikuwa na viwanda vya kusubu vyuma. Huko ndiko ulikozuka mtaa mkubwa wa Wahungaria.

Mwaka wa 1891 Waprotestanti wao walianzisha kanisa lao mjini humo. Mwaka uliofuata Wakatoliki wakaanzisha la Mtakatifu Elizabeth wa Hungaria, ambalo lilikuwa la kwanza la Kikatoliki la Wahungaria katika Marekani. Mwaka huo wa 1891 pia lilianzishwa gazeti, Szabadság, maana yake "Uhuru". Mtu aliweza kuzaliwa Buckeye, akasoma, akanunua nyama, akaoa, akaugua na kuzikwa bila kuhitaji Kiingereza cha kutosha kuomba maji.

Cleveland ilisifiwa hata ikaitwa mji wa pili kwa Wahungaria duniani baada ya Budapest. Sifa hiyo utaisikia hadi leo, lakini usiimeze nzima nzima. Hata New York pekee ilikuwa na Wahungaria wengi. Ni majigambo ya mtaa, na mtaa usiojigamba si mtaa.

Mwaka wa 1902 walisimamisha sanamu ya Lajos Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya Hungaria ya 1848, ambaye mwenyewe alikuwa amepita Ohio mnamo 1852 akitafuta msaada kwa nchi yake. Sanamu hiyo ingali Cleveland. Ni nakala ya nyingine iliyoko Nagyszalonta, mji ambao siku hizo ulikuwa Hungaria na sasa uko Romania.

Kutoka Cleveland alama zetu zinafuata ufuo wa ziwa. Huko Lorain kulikuwa na kiwanda cha mabomba ya chuma na cha kuunda meli. Fairport Harbor ni bandari ndogo ambapo Wahungaria na watu wa Finland walipakua mawe yenye madini ya chuma. Kusini-mashariki, katika bonde la mto Mahoning, ulikuwa mji wa Youngstown na matanuri yake yasiyozimwa usiku wala mchana. Columbus, ulio mji mkuu wa jimbo, una hata leo mtaa wa kusini uitwao Kijiji cha Wahungaria.

Mpenzi wa michezo atapenda kujua kwamba katika kijiji cha Grand River, karibu na Fairport Harbor, alizaliwa Don Shula mwaka wa 1930. Akiwa kocha wa timu ya Miami Dolphins alishinda mechi zote 17 za msimu wa 1972 katika kandanda ya Kimarekani. Mchezaji aliyembebea mpira kwa nguvu za fahali msimu huo, Larry Csonka, naye ni Mhungaria wa Ohio, kutoka Stow karibu na Akron.

Magharibi, mjini Toledo, kuna mtaa uitwao Birmingham. Kampuni ya kusubu vyuma ya Cleveland ilipofungua tawi huko katika miaka ya 1890, ilihamisha wafanyakazi wake Wahungaria pamoja na jamaa zao. Kanisa lao la Mtakatifu Stefano lilianzishwa mwaka wa 1898. Katika mtaa huo, mwaka wa 1932, siku za ukata mkubwa, kijana Tony Packo na mkewe Rose walikopa dola 100 kwa jamaa wakafungua kibanda cha chakula.

Packo alichukua soseji ya Kihungaria, akaipasua nusu ili bei iteremke, akaitia ndani ya mkate na kuimwagia mchuzi wa nyama wenye pilipili. Ukienda Hungaria ukaagiza chakula hicho watakushangaa, maana hawakijui. Kimezaliwa Toledo. Mwaka wa 1976 mchezo wa televisheni wa M*A*S*H ulikitaja kupitia kwa mwigizaji Jamie Farr, mzaliwa wa Toledo, na tangu hapo hoteli hiyo haijakosa wageni kutoka mbali.

Lakini mahali ambapo ningependa utue kidogo, msomaji, ni Dayton.

Huko kulikuwa na kampuni ya Barney and Smith iliyotengeneza mabehewa ya reli. Ilihitaji vibarua wa bei nafuu. Mwaka wa 1906 mtu mmoja aliyeitwa Jacob Moskowitz, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Hungaria, alifanya mkataba wa kuwaletea watu. Alijenga karibu nyumba 40 za mbao, zote za sura moja, pamoja na jumba la mikutano lenye duka. Mahali hapo pakapewa jina la yule shujaa wa uhuru: Kossuth.

Kisha akapazungushia ua wa mbao mrefu kuliko kimo cha mtu, wenye lango na walinzi.

Wafanyakazi walilipwa kwa vipande vya shaba ambavyo vilikubaliwa katika duka la humo ndani tu. Aliyegunduliwa akinunua vitu vyake mjini alihatarisha kazi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mwajiri, alihatarisha na pa kulala. Wasomaji waliokulia landhi za reli wanajua maana ya kuishi katika nyumba ya mwajiri, lakini mshahara wa landhi angalau ulikuwa pesa ambayo duka lolote lingeipokea. Ajabu ni kwamba aliyewafungia watu hawa ni mtu aliyesema lugha yao. Hii ndiyo sababu waliweza kumwamini na kumfuata.

Machi 1913 mto Great Miami ulifurika na kuizamisha Dayton. Kampuni ya mabehewa haikupata nafuu tena, na mpango wa Moskowitz ukasambaratika. Ua uliondolewa. Nyumba zilibaki, na mwaka wa 1979 ziliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Utauliza, kwa nini basi hawakurudi kwao kununua yale mashamba? Vita vya 1914 vilifunga njia. Vilipokwisha, mkataba wa Trianon wa mwaka wa 1920 uliinyang'anya Hungaria zaidi ya thuluthi mbili za ardhi yake. Mtu aliyeacha kijiji chake Hungaria alikuta kijiji kile kile kimehamia Czechoslovakia, Romania au Yugoslavia bila kusogea hata hatua moja. Nayo Marekani, kwa sheria za 1921 na 1924, ilipunguza sana idadi ya wageni kutoka sehemu hizo za Ulaya. Waliotoka hawakuwa na uhakika wa kuingia tena. Hapo ndipo wasafiri walipogeuka kuwa wenyeji.

Wimbi la pili la watu lilikuja baada ya vita vikuu vya pili, na la tatu baada ya Novemba 1956, vifaru vya Urusi vilipoyazima mapinduzi ya Budapest. Watu kama 200,000 walitoroka Hungaria wakati huo. Waliofika Cleveland hawakuwa wakulima. Wengi walikuwa wanafunzi, wahandisi na mafundi. Wazee wa Buckeye walisema Kihungaria cha kijijini kilichochanganyika na Kiingereza cha kiwandani, na wageni hawa wa mjini waliwacheka kidogo.

Kuanzia miaka ya 1960 Buckeye yenyewe ilianza kuhamwa. Familia za Wamarekani weusi zilinunua nyumba mtaani, na Wahungaria wakauza zao na kwenda vitongojini kulikokuwa na nyasi na nafasi ya magari. Si haki kusema walifukuzwa. Wengine waliogopa uhalifu, wengine hawakutaka jirani mweusi, na wengine walikuwa tu na pesa za kutosha kuondoka, kama wafanyavyo watoto wa wafanyakazi kila mahali. Kanisa la Mtakatifu Elizabeth lilibaki pale pale, na waumini wake wakawa wanakuja kwa gari kutoka mbali.

Kisha viwanda navyo vikafa. Siku ya Jumatatu, Septemba 19, 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, na watu kama 5,000 wakapoteza kazi. Ile sababu iliyowaweka watu hawa kwenye ramani ikaondoka.

Ndiyo maana nasema ile idadi ya 194,000 ni ya kusomwa kwa makini. Sensa inauliza asili, haiulizi lugha. Kijana ambaye nyanya wa mama yake alikuwa burdosi wa Lorain anahesabiwa sawa na mzee aliyekimbia vifaru. Kinyume chake, mjukuu wa mtu kama Kundtz, ambaye alitoka Hungaria lakini nyumbani kwao walisema Kijerumani, anaweza kuandika chochote apendacho. Wanaoweza kuzungumza Kihungaria ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo.

Hao wachache, hata hivyo, si wa kuchezewa. Mwaka wa 2010 askofu wa Cleveland, katika mpango wa kupunguza makanisa, alilifunga kanisa la Mtakatifu Emeric, lililoko nyuma ya soko kuu la upande wa magharibi. Waumini walipeleka kesi yao hadi Roma. Machi 2012 Vatican iliamua kwamba makanisa 13 ya dayosisi hiyo yalifungwa kinyume cha taratibu, na Mtakatifu Emeric likiwa mojawapo, milango yake ikafunguliwa tena mwaka huo.

Katika majengo ya kanisa hilo hukutana maskauti wa Kihungaria wa Cleveland, wavulana kwa wasichana. Wengi wao wamezaliwa Marekani, na baadhi yao wazazi wao pia. Wanajifunza kufunga kamba, kupiga hema na kuimba kama maskauti wengine, ila kuna kanuni moja ya ziada: wakiwa pale, lugha ni Kihungaria. Wakishatoka nje na kuingia katika magari ya wazazi, wengi huendelea kwa Kiingereza.