NENO HULIJUI MPAKA ULITUNGIE SENTENSI



Mwaka huu tumeona ni vyema tuzungumze juu ya jambo linalowahusu vijana wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, nalo ni kujifunza msamiati kwa kutunga sentensi.

Wanafunzi wengi hukariri msamiati kama orodha: neno kushoto, maana kulia. Ukimuuliza mmoja wao amana ni nini, atakujibu upesi, "Kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze." Mwambie atunge sentensi, ataandika, "Ninapenda amana." Sarufi ni sahihi, lakini ondoa amana uweke embe, sentensi itasimama vile vile. Basi haijatuonyesha kama mwandishi analijua neno lake.

Sasa tazama hii: "Halima alimrudishia jirani amana yake ya shilingi elfu kumi, ingawa hakuna mwingine aliyejua kwamba ameiweka kwake." Funika neno amana, umuulize mwenzako ni neno gani limekosekana. Huenda akasema deni. Lakini deni halituzwi, na maneno "ameiweka kwake" yatamrudisha kwenye amana. Sentensi nzuri ni ile inayolilinda neno lake, lisichukuliwe nafasi na neno lingine.

Utaratibu wa kufuata

(a) Chagua maneno machache. Matano kwa wiki yanatosha.

(b) Kabla ya kuandika jiulize: nani, wapi, lini, kwa nini? Majibu yake ndiyo yanayoipa sentensi nyama.

(c) Funika neno na umjaribu mwenzako, kama tulivyoonyesha.

(d) Igeuze sentensi. Iweke katika wingi, katika wakati uliopita, kisha uikanushe. Anayeandika "mkataba huu umesainiwa" na aweze pia kuandika "mikataba hii haijasainiwa".

(e) Ukikwama tazama kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huonyesha maana, na maneno mengi huyawekea mfano wa matumizi. Usinakili mfano wake. Tunga wako.

Faida ya mwanafunzi wa madrasa

Watoto wengi wa Nyarugusu husikia Kisukuma au Kizinza nyumbani, kwa hiyo "r" na "l" huwachanganya. Mmoja huandika, "Kaka amelipa mahali," akikusudia mahari. Mwanafunzi anayezijua ra na lam katika msahafu ana msaada mkubwa hapa. Vile vile dhahabu ina dhal, zebaki ina zay, na thamani ina tha. Ayatamke kwanza, kisha ayaandike.

Tena maneno mengi yana ukoo. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba yote yametoka katika kaf, ta na ba, herufi za kuandika. Amana, amani, imani na mwaminifu nayo ni ndugu. Ukilijua moja, umelifungulia mlango la pili. Hata hivyo ndugu si mtu mmoja, kwa hiyo kila neno litungiwe sentensi yake.

Maneno ya hapa kwetu

Tunawashauri wanafunzi waanze na maneno ya maisha yao. Nyarugusu ni mahali pa dhahabu. Maneno duara, karasha na mwalo mtoto huyasikia kila siku, lakini yapo mengine ambayo asipoyaelewa vizuri, yeye na wazazi wake wanaweza kudhurika.

Neno mizani ni mojawapo. "Mnunuzi aliifuta mizani vumbi kabla ya kupima dhahabu, ili asimpunje mchimbaji." Aliyesoma maana ya Suratul Mutaffifin anajua uzito wa jambo hili, na sentensi hii huitoa sura hiyo kwenye ubao na kuifikisha sokoni.

La pili ni mkataba. "Baba alikataa kuweka dole gumba kwenye mkataba mpaka mwanawe amsomee mgawo wa mawe." Katika Suratul Baqara, aya ya 282 inatuamrisha kuandika madeni, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Familia isiyo na msomaji inaweza kupoteza haki yake kwa karatasi moja tu.

La tatu ni zebaki, metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu peke yake. Mvuke wake hauna harufu, nao hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwanafunzi aliyeandika "Zebaki ni kitu cheupe" bado hajajifunza lolote. Lakini aliyeandika "Nilimwondoa mdogo wangu jikoni kwa sababu mjomba alikuwa anachoma zebaki, na mvuke wake ni sumu," huyo anaweza kuokoa nafsi.

Wazazi, kazi yenu si kubwa. Baada ya Isha, mwambieni mtoto asome sentensi zake tano kwa sauti, naye afiche neno moja ili mlibahatishe. Mkishindwa, mwulizeni aongeze nini ili mlijue. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kushiriki, kwa kuwa anachotakiwa ni kusikiliza tu.